Chokaa kwenye Ukuta wa Kumaganga

Siku niliyomwona Walburga Ndunguru kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti juu ya mwamba, mkono mmoja umezama ndani ya ufa hadi kwenye kiwiko, anachomoa magugu. Alinisikia nikija akasema bila kugeuka, "Usikanyage hapo. Hapo kuna mtu."

Niliruka nyuma. Pale nilipokuwa nimekanyaga hapakuwa na mtu, palikuwa na rundo la mawe makubwa yaliyoota ukungu.

Ilikuwa Agosti mwaka 1994, katika machimbo ya zamani ya mawe yanayoitwa Kumaganga, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Mbinga. Machimbo yale yalikuwa yamelala zaidi ya miaka hamsini. Mimi nilikuwa kibarua wa kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kutengeneza barabara ya kushuka ziwani. Zamani barabara zilikuwa za serikali tu, lakini miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinahamia kwa kampuni, hata kahawa. Wanunuzi walikuwa wanakuja na malori yao wenyewe, na kila mtu alitaka barabara. Mimi niliitaka kuliko wengi. Kwetu ni ziwani, na masika moja kabla ya hapo dada yangu alibebwa kwa machela kutoka Tingi kwa sababu hapakuwa na gari lililoweza kupita. Alifika hospitali, mtoto hakufika.

Kazi yangu ilikuwa chokaa. Nilibeba ndoo na brashi ya mkonge nikimfuata msimamizi wetu, Bwana Meshack. Aliponyoosha kidole kwenye mwamba, nilipaka nukta nyeupe ya ukubwa wa kiganja. Fundi baruti akija, anatoboa palipo na nukta. Niliishia darasa la saba, na tangu utotoni kusema mbele za watu kunanitoa jasho, kwa hiyo kazi ya ndoo ilinifaa.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba." Alichomoa mkono kwenye ufa akanitazama. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amejifunga khanga mbili kiunoni kama mtu anayetoka shamba. "Wewe si wa huku."

"Natoka ziwani."

"Mla usipa, vidagaa vya ziwani. Na hiyo ndoo ya nini?"

Nilimwonyesha barabara kwa mkono. Akangoja niseme zaidi, sikusema.

"Wewe huwa husemi?"

"Nasema, mama."

"Lini?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Siku ile Bwana Meshack alichelewa, na Walburga akanitembeza. Upande wa magharibi wa machimbo kulikuwa na ukuta mrefu wa mwamba, umesimama wima, na sehemu ya juu yake imetokeza kama paa la baraza. Chini ya paa hilo, kwenye kimo cha kifua, kulikuwa na alama zilizochongwa kwa patasi. Unyayo wa kuku. Mwezi mwembamba. Jembe. Kinu. Nilizihesabu thelathini na moja.

Akanieleza. Wakati wa kujenga kanisa kubwa la mawe, wakataji walikuwa watu wa milimani na wachache wa ziwani, na hakuna aliyejua kusoma. Kila mmoja alipewa nafasi yake kwenye ukuta. Katika kila jiwe alilokata, upande ule utakaozikwa ndani ya udongo wa kujengea, alichonga alama yake ili mnyapara ajue ni la nani. Alama hiyo hiyo aliichonga hapa ukutani, mahali alipoanzia.

"Kule kanisani zimefichwa ndani ya ukuta," alisema. "Hakuna atakayeziona mpaka kanisa lianguke. Zinaonekana hapa tu. Watu wanasema kanisa lilijengwa na mapadri. Padri alishika karatasi. Jiwe alishika nani?"

Alinionyesha samaki. "Huyu wa kwenu. Alipokuja walimcheka, mtu wa usipa atajua nini habari ya mawe. Akakata kuliko wote."

Kisha akanionyesha ya baba yake, Romanus. Ilikuwa mraba uliogawanywa na mistari miwili, kama ngolo, yale mashimo ya Wamatengo wanayolima kwenye miteremko kwa kulaza majani kwa miraba na kuyafukia udongo juu. Mwaka 1938 sehemu ya juu ya mwamba ilishuka ikafunika watu watatu, Romanus akiwa mmojawapo. Walburga alikuwa na miaka sita. Mawe yalikuwa mazito, hayakuondolewa. Lile rundo nililokanyaga lilikuwa kaburi lao.

Nilikaa na maneno yale wiki nzima, maana nilishajua kilichokuwa kinakuja. Bwana Meshack alikuwa ameugonga ukuta wa magharibi kwa nyundo, akausikiliza, akasema hakuna jiwe bora kuliko lile.

Walburga alipopata habari alikwenda ofisi za wilaya akarudi na Afisa Utamaduni, Bwana Ambokile, mtu wa Rungwe aliyehamishiwa kwetu mwaka mmoja nyuma. Walikutana na Bwana Meshack machimboni, mimi nikiwa nimesimama pembeni na ndoo yangu.

Bwana Ambokile alizitazama alama moja moja, akavua miwani, akaifuta. "Mama, mimi naona thamani yake. Lakini sheria inalinda mambo ya kale, ya enzi za misafara na kabla yake. Haya ni ya juzi."

"Ya juzi," alisema Walburga. "Baba yangu yumo humu tangu nina miaka sita. Hiyo juzi yako ni ndefu sana, mwanangu."

"Naweza kuandika barua Dar es Salaam. Majibu yatachukua miezi."

"Mvua inaanza Novemba," alisema Bwana Meshack. "Madaraja mawili hayana hata jiwe moja. Mama, na wewe unataka barabara au hutaki?"

"Naitaka. Kahawa yangu nitaibeba kichwani mpaka lini?"

"Sasa?"

"Huko mashariki hakuna jiwe?"

Bwana Meshack alikwenda kuugonga ukuta wa mashariki. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Kuna ufa mwingi, tutapoteza nusu. Lakini basi. Neno langu ni ukuta wa mashariki. Hili rundo nalo sitaligusa." Hakuna kilichoandikwa. Walburga alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka.

Tarehe mosi Novemba ilikuwa Jumanne, sikukuu ya Watakatifu Wote. Vibarua wenzangu karibu wote ni Wakatoliki, walikuwa misani. Mimi ni Mwanglikana, nikaambiwa nikapake nukta ukuta wa mashariki peke yangu, kwa kuwa Bwana Meshack alikuwa ameshaniwekea vijiti vya kuniongoza. Nilipaka nukta ishirini na mbili. Nilipomaliza nilimkuta Walburga amekaa kwenye jiwe ananingoja, amevaa gauni la kanisani.

"Imebaki?" aliuliza, akichungulia ndooni.

"Imebaki nusu, mama."

"Nipe. Na hiyo brashi."

Ni lazima nieleze hapa. Huku milimani, siku inayofuata Watakatifu Wote ni siku ya marehemu. Watu hupalilia makaburi na kuyapaka chokaa, na ukipita barabarani unaona vilima vimekuwa na madoa meupe. Watu wa Kumaganga hawakuwa na makaburi ya wakataji wote, wengine walifia mbali, wengine wamo kwenye rundo. Kwa hiyo kila mwaka, siku hiyo, Walburga na jamaa wachache walizipaka chokaa zile alama. Mwaka ule kila aliyevuna kahawa alikuwa anajenga, na maduka ya Mbinga yalikuwa hayana chokaa hata kidogo.

"Ni ya kampuni, mama," nilimwambia.

"Kampuni haina marehemu?"

Nilimpa. Nilimwomba tu anirudishie ndoo Alhamisi. Katika watu wote wa pale, mimi ndiye niliyejua nukta ya chokaa kwenye mwamba ina maana gani kazini kwetu. Nilimpa ndoo, nikaenda zangu, na wala hilo halikunijia akilini.

Jumatano walizipaka zote thelathini na moja. Jioni ile ile fundi baruti aliwasili kutoka Iringa, mgeni kabisa, hajawahi kuona Kumaganga. Usiku ikanyesha mvua ya kwanza, mvua ya upepo iliyotoka upande wa ziwani, ikaupiga ukuta wa mashariki usoni mpaka alfajiri. Ukuta wa magharibi, chini ya lile paa lake, haukupata tone.

Alhamisi asubuhi Bwana Meshack alikuwa ameshuka kukagua kalavati za kule chini, na mimi nilitumwa mjini na lori kuchukua mchanga. Tuliporudi ilikuwa saa tisa alasiri. Kabla hatujafika tulisimamishwa na mtu mwenye bendera nyekundu. Kwa mbali, juu ya ukingo wa machimbo, niliona kundi la vibarua wamesimama kimya. Bwana Meshack alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Kuna bibi kule chini," alisema mwenye bendera. "Amekaa ukutani. Hatoki."

Nilikimbia mpaka ukingoni. Walburga alikuwa amekaa chini ya ukuta wa magharibi, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye mwamba. Kulia kwake na kushoto kwake alama zilikuwa zinang'aa kwa weupe. Mashine ya upepo ya kutobolea mwamba ilikuwa imeegeshwa mbele ya ukuta ule. Nikageuka nikatazama mashariki. Mwamba ulikuwa mtupu, umelowa, mweusi, hauna hata nukta moja.

Bwana Meshack naye alikuwa amefika ukingoni.

"Nani kakwambia utoboe huku?" Bwana Meshack alimwuliza fundi baruti.

"Nimeambiwa nitoboe palipopakwa," alisema fundi. Alikuwa mtu mtulivu, wa makamo. "Huku kuna nukta thelathini na moja. Kule hakuna kitu. Nimetoboa nne, moja nimeshaishindilia baruti, nijaribu jiwe linavyokatika. Watu walipokwenda kuwatoa wenye nyumba za jirani, huyu bibi akaja akakaa palepale."

"Nani kapaka huku?"

Wenzangu wengi walijua maana ya siku ya marehemu, lakini chokaa ya kampuni ilikuwa kwangu, nao walitazama chini ili wasinitazame mimi.

"Nauliza, nani kapaka huku? Nimesema mashariki. Kuna mtu ananichezea?" Akamgeukia fundi. "Sasa zimeshatobolewa. Labda tumalizie huku huku, siwezi kupoteza siku mbili nyingine."

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba ninasema. "Bwana Meshack, si nukta zile. Ni chokaa ya marehemu. Nukta zangu zimeoshwa na mvua. Chokaa mimi ndiye niliyempa huyo bibi, na ndoo ya kampuni, Jumanne. Sikuomba ruhusa."

Alinitazama kana kwamba ndiyo anajua leo kwamba nina mdomo. Wote walinitazama. Jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka kiunoni, lakini nilikuwa nimeanza, nikamaliza. "Nukta ishirini na mbili nilizipaka mashariki. Vijiti vyako bado vipo, utaviona."

Alituma mtu akaangalie. Vijiti vilikuwapo.

"Hiyo moja uliyoshindilia," alimwuliza fundi, "unaweza kuitoa?"

"Siwezi. Aliyenifundisha kazi hii alijaribu kuchokoa baruti iliyoshindiliwa, na mpaka leo anakula kwa mkono mmoja. Hiyo itawashwa tu. Wala haiwezi kulala, wingu hilo mnaliona." Upande wa ziwani kulikuwa kumefunga.

Bwana Meshack alilitazama wingu. Kisha akasema, akinielekea mimi, "Neno langu bado ni mashariki. Tunawasha hii moja kwa sababu haiachiki. Zile tatu tutaziziba, mashine inahama. Lakini atoke pale. Wewe uliyempa chokaa, kamtoe."

Nilishuka peke yangu. Njia ile huwa ni dakika tano, na siku ile sijui ilikuwa ngapi. Kitu pekee nilichokuwa nakitazama ni utambi uliotoka ukutani karibu na bega lake la kushoto. Utambi ulitoka katikati ya ule mraba wa ngolo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekutuma wewe? Basi nitakaa mpaka kesho." Alicheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ardhi.

Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote, mvua, nukta zangu, ndoo. Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia kwamba shimo moja limeshindiliwa na halitoki, na ni lile lililo begani kwake.

Hakugeuka kulitazama. "Najua ni lipi. Nimekuja nikakaa palepale." Akavuta pumzi. "Nikitoka, thelathini watabaki?"

"Bwana Meshack amesema watabaki."

"Huyo nimesikia. Wewe unasemaje?"

Sikuwa na cheo chochote pale. Nilikuwa mtu wa ndoo, na hata ndoo sikuwa nayo tena. "Nasema watabaki, mama. Wakihamia alama nyingine, nitakuja kukaa hapa mimi."

Alinitazama mpaka nikaona haya. Kule juu filimbi ililia mara moja, wakituhimiza.

"Haya," alisema. "Kumbe unasema."

Alisimama kwa kushika bega langu. Alipokuwa wima aligeukia ukuta, akaweka kiganja chake juu ya mraba, pembeni ya utambi, akakiacha hapo kwa muda wa kusema Salamu Maria moja. Alipokiondoa kilikuwa cheupe. Akaokota ndoo yangu iliyokuwa karibu yake, akaanza kupanda, na hakuomba nimsaidie. Tulipofika ukingoni aliketi ameyapa machimbo mgongo. Fundi akashuka, akawasha, akarudi anatembea bila haraka kama wafanyavyo wao.

Ulikuwa mlio mmoja tu. Vumbi lilipotulia Walburga alikuwa bado anatazama upande wa nyumba zake. Aliuliza, "Wangapi?"

Nilihesabu mara mbili. "Thelathini, mama."

Bwana Meshack hakuvunja neno. Mashine ilihama jioni ile ile. Mimi niliondolewa kwenye chokaa nikapelekwa kubeba mawe, na sikulalamika. Barabara ilipitika mwaka uliofuata, na mawe ya ukuta wa mashariki yako chini ya madaraja mpaka leo. Bwana Ambokile alikuja akapiga picha, akaandika barua, kisha akahamishwa. Sijasikia kama barua ilijibiwa. Lakini walimu wa shule ya jirani walianza kuwaleta wanafunzi kila mwaka, na Walburga aliwasimamisha mbele ya ukuta akawauliza lile swali lake la nani alishika jiwe. Wengine walipata majina ya babu zao pale.

Mimi nilirudi ziwani. Kila tarehe mbili Novemba nilipanda na lori, kwa barabara ile ile, nikamsaidie kupaka. Ndoo hakunirudishia na mimi sikuidai. Tulianzia na jembe tukamalizia na kinu. Mahali palipokuwa na mraba wa Romanus palibaki shimo la kumtosha mtu aliyechuchumaa, na tulipolifikia Walburga alibadilisha brashi mkono, akalipita akiwa ametazama mbele, akaendelea na alama inayofuata. Miaka saba nilimwona akifanya hivyo. Sikuuliza.

Oktoba mwaka 2002 niliambiwa anaumwa. Nilimpelekea usipa mkavu, maana ingawa alitutania sana, aliupenda. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo kama mtoto. Aliuliza habari za dada yangu, nikamwambia ana watoto wawili sasa, na wa pili alizaliwa hospitali. Akaitikia kwa kichwa. Nilipoaga alinyoosha mkono kuelekea chini ya kitanda. Ndoo ilikuwa pale, mkono wake umekatika na kufungwa waya, na ndani yake mna brashi mpya ya mkonge.

"Chukua, ni yako," alisema. "Mwaka huu utapaka wewe. Anza na samaki wenu, hakuna atakayekuuliza."

"Nitapaka zote, mama."

"Na lile shimo usiliruke, kama nilivyokuwa naliruka mimi."